Aliyebadilisha Shuka

Kwa wiki tatu nzima neno moja lilinikosesha usingizi: presha. Nililiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu ya buluu, kwenye karatasi ya mtu aliyefariki nyumbani kwake katika kijiji kilicho nyuma ya Msambweni. Nikatia sahihi, nikafunga faili, nikaenda kula wali kwa maharagwe. Siku hiyo sikuwa na shaka hata chembe. Shaka ilikuja baadaye, polepole, kama maji yanayojaa ufuoni wakati hutazami, na nilipogutuka nilikuwa nimeshalowa. Je, kweli alikufa kwa presha? Na kama sivyo, ni nani anayelibeba kosa langu?

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoingia sasa katika kazi ya kurekodi vifo. Mimi nimeiacha mwezi uliopita. Sijafika umri wa kuitwa mzee, hata ndevu zangu bado zinasitasita kuota, lakini ofisini waliniaga kwa soda na keki, wakaniita mstaafu, na Bi. Saumu, aliyenifundisha kazi, akaniagiza niwaachie maandishi.

"Andika makosa yako," alisema. "Mazuri yako watayaona wenyewe, kama yapo."

Niliajiriwa wakati wa Korona, miezi michache tu baada ya kumaliza chuo. Diani, mji wetu wa hoteli za ufuoni, ilikuwa imefungwa. Sijui niwaelezeje ukimya ule. Nilikuwa nikipita barabara ya hoteli asubuhi nisione mtu. Malango yamefungwa kwa minyororo, mabwawa ya kuogelea yamegeuka kijani, tumbili wamejilaza kwenye vitanda vya wageni wakichambuana manyoya kama waliolipia chumba. Nikikumbuka miezi ile siikumbuki kama siku zinazofuatana. Naikumbuka kama mchana mmoja mrefu, mweupe, ambamo watu wote walikuwa na nusu ya uso, walisalimiana kwa mbali, na sauti zilichelewa kufika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akifariki hospitalini, daktari ndiye anayejaza sababu ya kifo. Lakini kwetu wengi hufariki nyumbani, na Mwislamu akifa asubuhi, mara nyingi alasiri ameshazikwa. Naibu wa chifu huandika anachoambiwa, hutoa kibali cha mazishi, yakaisha. Ndipo tukatumwa sisi. Siku kadhaa baada ya maziko tulikwenda kwa wafiwa na orodha ya maswali: alikohoa, siku ngapi, alihema, miguu ilivimba? Majibu yalipelekwa kwa daktari, asome na kuamua. Mwishoni mwa karatasi mhojaji aliandika anavyoona yeye, na daktari mwenye rundo la karatasi mara nyingi alilifuata neno hilo. Yeye hakumwona marehemu wala nyumba yake. Macho yake yalikuwa mimi. Fikirieni mtu kama mimi, ambaye hurudi mara mbili kuhakikisha amefunga mlango, akipewa kazi ya kuwa macho ya daktari.

Wiki yangu ya kwanza niliandika "moyo kusimama" kwa kila mtu. Niliona ni jibu salama. Bi. Saumu alizipanga karatasi zangu mezani kama mtu anayeanika samaki, akanitazama juu ya miwani.

"Bakari, wewe utakapokufa, moyo wako utaendelea kupiga?"

"La, Bi. Saumu."

"Basi hapa hujaniambia kitu. Umeniambia wamekufa. Hilo nalijua, ndiyo maana tuko hapa."

Akanifundisha kusoma karatasi kama mtu anayeshuka ngazi. Juu kabisa unaandika kilichomaliza pumzi. Chini yake, kilichokileta hicho. Chini tena, kilichokileta kile, mpaka ufike mahali ambapo hakuna ngazi nyingine. Hapo chini kabisa ndipo sababu ilipo. Pembeni kuna mahali pa magonjwa mengine aliyokuwa nayo, yaliyomdhoofisha bila kuanzisha safari. Mzee mmoja wa upande wa bara, mfugaji, aliniambia mkewe alikufa kwa sababu siku yake ilifika, akakataa kuongeza neno. Nilirudi nimekata tamaa. Bi. Saumu akasema, "Hiyo ni ngazi ya Mwenyezi Mungu, na mzee yuko sawa. Sisi tumeajiriwa kwa zile za juu yake. Rudi kesho umwulize kama alikuwa anakula vizuri."

Na kulikuwa na mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika shingo. Alifikishwa hospitalini ameshakata roho, akapimwa puani kama walivyopimwa wote siku zile, akakutwa na Korona. Mwenzetu mmoja akaandika Korona. Nilimtetea, nikisema pengine homa ilimtia kizunguzungu akiwa juu. Nilikaa na wazo hilo siku mbili nikilifanyia michoro. Bi. Saumu aliuliza swali moja tu: "Walioshuhudia walisema nini?" Walisema kuti alilolishika lilikuwa bovu. Basi. Alikufa akiwa nayo, lakini siyo iliyomuua. Wengine, nao, waliuawa nayo na hakuna aliyewapima. Kazi yetu yote ya miaka ile ilikuwa kutenganisha watu hao wawili, na mara nyingi tulikuwa na mazungumzo tu ya kuwatenganishia.

Vijana wa bodaboda wa Kona ya Musa waliniita Israili, malaika wa kutoa roho. Wakiniona na mkoba wangu, mmoja hupiga kelele, "Israili huyo! Leo umemfuata nani? Mimi bado sijaoa!" Mwingine hujibu, "Mpeleke bure, akukumbuke kwa wema." Nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani nilijiuliza kama kweli nimeanza kunuka msiba.

Sasa nirudi kwenye lile neno.

Marehemu alikuwa Omari, mpishi wa hoteli mojawapo ya Diani, aliyerudishwa nyumbani hoteli zilipofungwa. Alikuwa na mke, Bi. Mwanamisi, na watoto watatu. Nilipofika, nilipokewa barazani na kaka yake, Mzee Rama, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza mkutano. Wanaume wengine watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mzee. Poleni kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu ukae, sogeza kiti mbali kidogo, si ndiyo sheria zenu?"

Nilimsomea maswali, naye akayajibu yote upesi upesi, kama mtu aliyeyajua kabla. Alikohoa? "Kikohozi cha kawaida." Homa? "Hakuna homa." Alihema? "Presha ile, ikipanda mtu huhema. Andika presha. Alikuwa na presha tangu siku nyingi, kila mtu anajua." Wale watatu wakaitikia kwa vichwa. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akikuna nazi. Nasikia mpaka leo ile sauti ya mbuzi, kru, kru, kru, laini, ya kuleta usingizi katika joto lile. Mzee Rama alipolitamka neno presha, ile sauti ilikoma. Kisha ikaendelea. Nami nikaandika.

Simu ilikuja miezi mitatu hivi baadaye, mchana, nikiwa ofisini. Kabla ya mahojiano huwa tunawaachia wafiwa karatasi yenye jina na namba yetu. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka.

"Wewe ndiwe Bakari uliyeandika kwamba mume wangu alikufa kwa presha?"

Nikasema ndimi. Nikampa pole.

"Ulimwuliza shemeji yangu. Shemeji yangu hakuwepo. Katika siku tisa za ugonjwa alikuja mara moja, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa chumbani, hatua tano kutoka ulipoketi. Hukuniuliza."

Nilitaka kujitetea. Nilijua, kama mnavyojua, kwamba mjane aliye edani hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na haji barazani kuzungumza na mwanamume asiye wake. Nikamwambia hivyo, kwa heshima.

"Najua nimo edani, baba. Hukukosea kutoingia. Lakini mngeniletea mwanamke mwenzangu."

Kisha akanieleza kilichokuwa kikiendelea. Mzee Rama alikuwa akisema kijijini kwamba ndugu yake aliuawa na chumvi ya mkewe na vidonge vya presha ambavyo mke hakumpa. Akiulizwa anajuaje, husema hata vijana wa serikali wameandika presha. Familia ilikuwa imekata shauri: eda ikiisha, Bi. Mwanamisi arudi kwao Shimoni, na watoto wabaki kwa baba yao mkubwa, kwa sababu mama yao hajui kutunza mtu. Eda ilikuwa imebaki wiki tano.

"Sikuombi uniandikie uongo," alisema. "Naomba niulizwe."

Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Mchana nao ulikuwa kama usingizi mbovu. Nilitembea nikiwaza hivi: hakupimwa, basi nikiandika Korona nitakuwa naandika kwa huruma. Nisipoandika, nimemhukumu mama wa watoto watatu. Nikiandika, watu watauliza iliingiaje, na kumbe, kwa maelezo ya Bi. Mwanamisi, siku chache kabla Omari hajaugua, Mzee Rama alikuwa ametoka Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni akiwa na mafua, wakala sinia moja. Je, nitakuwa nimemtoa mmoja msalabani na kumtundika mwingine? Nilipolala kidogo niliota watu wamejipanga nje ya ofisi, foleni inafika mpaka baharini, kila mmoja ameshika karatasi, hawalii, hawagombi, wananinyooshea tu na kusema, nisomee. Nami naona maandishi yangu mwenyewe na siwezi kuyasoma.

Kilichonitisha zaidi kilikuja asubuhi moja nikipiga mswaki. Omari hakuwa peke yake. Kila mwanamume aliyeoa, aliyefariki nyumbani, ambaye nilikwenda kumwulizia, mkewe alikuwa edani. Kila mara nilizungumza na baraza. Ndugu, mjomba, jirani, imamu mara moja. Watu wema, lakini hawakuwa chumbani. Nilifungua kabati nikazitoa karatasi zangu. Zilikuwa safi, zimejazwa mpaka mwisho, hakuna mahali palipoachwa wazi, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Aliyekuwa chumbani angesema "sijui" mara mbili tatu. Asiyekuwepo hujibu yote.

Wadogo zangu, shikeni hili hata mkisahau mengine. Sasa mna tableti, inawakataza kuruka swali, inawahesabia siku. Sisi tulikuwa na karatasi na kalamu inayovuja. Lakini tableti haiwezi kujua imeshikwa mbele ya nani. Mkifika msibani, kabla ya swali la kwanza la ofisi, ulizeni lenu wenyewe: ni nani aliyekuwa akibadilisha shuka? Huyo ndiye mnayemtafuta. Na msimwulize alikufa kwa nini, maana hapo atawapa neno alilopewa na watu. Mwulizeni siku ya mwisho alipokula vizuri alikula nini, na kesho yake akaamkaje. Mwacheni atembee siku moja baada ya nyingine. Msimharakishe.

Nilimpelekea Bi. Saumu habari yote, pamoja na mawazo yangu yote, na nadhani nilizungumza saa nzima. Alikuwa akimenya chungwa. Alipomaliza kulimenya mimi nilikuwa bado.

"Umechanganya mambo mawili," alisema. "La kwanza, nini kilimuua Omari. La pili, nani mwema na nani mbaya katika nyumba ile. Karatasi yetu ina mistari ya la kwanza. La pili halina mstari. Wewe umekaa unatafuta mahali pa kuliandika."

"Na kama hakupimwa?"

"Ipo nafasi ya kuandika inashukiwa, haikupimwa. Iliwekwa kwa ajili ya watu waoga kama wewe, na ni neno la kweli. Lakini Bakari, ili karatasi ifunguliwe upya, lazima mhojaji aandike kwa nini. Kwa mkono wake, kwa jina lake. Mkataba wako unaangaliwa mwezi huu kama utaongezwa, unajua?"

Nilijua. Nilikwenda nyumbani na karatasi tupu nikaikodolea macho siku nne. Siku ya tano, baada ya sala ya adhuhuri, niliandika kwamba katika mahojiano ya Omari nilimwuliza mtu ambaye hakuwepo, kwamba nilifanya hivyo hivyo kwa kila mume aliyefariki nyumbani katika eneo langu, na kwamba naomba karatasi zote hizo zifunguliwe. Niliandika neno "zote" mara tatu, nikalifuta mara mbili. Kisha nikaipeleka mwenyewe, kwa sababu nilijua nikiiacha mezani nitairudia.

Ombi lilikubaliwa, nikaenda na Bi. Saumu nyumbani kwa marehemu Omari. Yeye aliingia ndani, mimi nikabaki barazani na Mzee Rama. Nyumba ilikuwa tulivu kama iliyo chini ya maji. Nilisikia sauti mbili za wanawake nyuma ya pazia, moja ikiuliza kidogo, nyingine ikienda na kwenda, ikisimama, ikiendelea. Mara moja zote zilicheka. Sikujua mtu anaweza kucheka katika mahojiano yale.

Bi. Saumu alinisomea baadaye, garini. Siku ya kwanza Omari, mpishi wa miaka mingi, aliinama juu ya sufuria ya pilau akauliza mbona karafuu hazinukii, nani kampa karafuu zilizokufa. Mkewe akanusa akacheka, zilikuwa zinanukia nyumba nzima. Siku ya tatu homa. Siku ya sita kifua. Siku ya nane hakuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Vidonge vya presha alikuwa navyo, na maganda yake Bi. Mwanamisi aliyatunza yote kwenye kopo la maziwa. Aliyamwaga mbele ya Bi. Saumu, tundu kwa tundu, hakuna siku iliyorukwa.

"Mbona hawakumpeleka hospitali?" niliuliza.

"Yeye mwenyewe aliwakataza. Aliogopa kuzikwa na watu wa mavazi meupe, bila kuoshwa, ndani ya plastiki. Akamwapisha mkewe. Alipofariki, mke akanyamaza ili aoshwe na watu wake. Hilo nimeliandika pia, kwa maneno yake. Ameniambia, nilinyamaza kwa siku moja tu, sikujua itakuwa kwa maisha."

Daktari alisoma. Juu akaandika homa ya mapafu. Chini yake, Korona, inashukiwa, haikupimwa. Presha akaiweka pembeni. Kwa hiyo Mzee Rama naye hakuwa amesema uongo mtupu. Presha ilikuwepo nyumbani mle. Haikuwa imeanzisha safari.

Bi. Mwanamisi alituma neno: lisemwe palepale liliposemwa lile la kwanza. Nilirudi siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini, baraza imejaa. Nilisalimia, nikasimama badala ya kuketi, ili sauti yangu ifike mpaka ndani.

"Mzee Rama, mara ya kwanza niliandika kosa. Nilikuuliza wewe mambo ya chumbani na wewe hukuwepo. Kosa ni langu. Aliyemuuguza ameulizwa, daktari amesoma. Omari hakuuawa na chumvi wala na vidonge. Vidonge alipewa kila siku, vimehesabiwa. Dalili zake ni za Korona. Msiseme tena kwamba sisi tuliandika presha, maana nimeifuta."

Mzee Rama alikuwa akitazama mikono yake. Aliponisemesha, ile sauti ya kuongoza mkutano haikuwepo.

"Na hiyo karatasi yako inasema nani aliyemletea?"

"La, mzee. Haiulizi."

"Tulikula pamoja," alisema, bila kumwambia mtu. "Sinia moja."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu naye akamshika bega, akasema, "Rama, watoto wabaki na mama yao." Mzee Rama akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara moja.

Nilimuaga. Bi. Saumu alikuwa akinisubiri barabarani chini ya mwavuli wake, na mkoba wenye karatasi zangu zote. Nikatoa iliyofuata, nikamsomea jina la marehemu na kijiji chake, tukaondoka kwenda kumwuliza mkewe.